Chini ya Plastiki Kuna Injini Ileile

Fundi huijua pikipiki kwa sauti yake, na dereva huijua kwa mwendo. Mimi naijua kwa kile kinachoisha kwanza stoo. Nilikuwa boharia katika karakana ya serikali kule Kibaha, nikienda asubuhi na kurudi Kibamba jioni, na kwa miaka yote hiyo sikukabidhiwa pikipiki hata moja ya kuendesha. Nilikabidhiwa leja. Leja hiyo ndiyo iliyonionyesha jinsi kazi ya kufungua pikipiki, kuitengeneza na kuipamba ilivyotoka mikononi mwa watu wenye sare na kuhamia kwenye nyua zetu, hata leo kijana wa miaka ishirini anafumua injini juu ya gunia nyuma ya jiko, hapa Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, bila kuomba ruhusa ya mtu. Ruhusa ya mama yake anaiomba, kwa sababu beseni la kuoshea vipuri ni la mama.

Kwa maoni yangu, kilicholeta mabadiliko hayo hakikuwa chuo wala mradi. Ilikuwa injini moja. Nitaifikia, lakini kwanza nipite njia ndefu kidogo.

Baadhi ya pikipiki za mwanzo ziliingia nchi hii kwa fujo ya vita. Mwaka 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipokuwa likimsaka von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, lilikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini, na kikosi hicho kikaonja matope ya masika yetu. Baada ya hapo ukaja utawala wa Waingereza na mashine za Kiingereza, BSA na Triumph na wenzao, za polisi, za mapadri na za maofisa wachache. Kibamba ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na miembe, na barabara ya Morogoro ikipita katikati. Mtu wa hapa aliiona pikipiki ikipita. Kuigusa ilikuwa habari nyingine.

Kurasa za mwanzo za leja yangu zilikuwa za Yamaha DT, Honda XL na Suzuki TF. Hizi zilikuwa pikipiki za vumbi, madigadi yake yameinuliwa juu na tairi zake zina meno makubwa. Zilitumiwa na mabwana shamba, watu wa mifugo, wakaguzi wa elimu na miradi ya wafadhili. Zile Yamaha na Suzuki zilikuwa za mipigo miwili, yaani zinachoma oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa buluu. Yamaha ilikuwa na tangi dogo la oili pembeni na pampu ya kuisukuma kidogo kidogo, mtambo ambao kampuni ilianza kuutumia mwaka 1964 ili dereva asihangaike kuchanganya mwenyewe. Mtambo mzuri. Lakini oili yake maalumu ilipokosekana, na ilikosekana mara kwa mara, dereva alimimina oili ya lori. Matokeo yake yalijionyesha kwenye ekzosi: masizi yanaganda ndani mpaka pikipiki inakohoa na kushindwa mlima.

Dawa ilikuwa moto. Ekzosi inafunguliwa, inalazwa juu ya makaa, inaachwa iungue ndani hadi iwe nyekundu, kisha inagongwa kwa mti na masizi yanadondoka kama maganda. Hayo ndiyo matengenezo ya kwanza ya pikipiki niliyoyaona yakifanywa nyumbani kwa mtu. Karakana ilikuwa na mashine nyingi, lakini makaa hata bwana shamba alikuwa nayo.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni hazikuwepo, na uagizaji wa magari na vipuri vyake ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, hasa State Motor Corporation. Ukitaka seti ya ringi za pistoni unajaza fomu, fomu inapanda, inashuka, inapanda tena. Kwenye kadi ya mali niliandika neno "hakuna" mpaka mkono ukalizoea. Kuna wakati magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye maduka wakawa wanaogopa hata kuonekana na katoni. Bidhaa zilizokuwa adimu zikazidi kujificha.

Ukikosa kipuri ulikwenda Gerezani, mjini Dar es Salaam. Mafundi wa pale hawakuuza kipuri; waliuza kinachofanana nacho. Bushi iliyokwisha walikukerezea nyingine ya shaba. Gasketi waliikata kwenye boksi gumu: wanalaza karatasi juu ya injini na kuigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha duara kufuata kingo, hadi ijikate yenyewe kwa umbo lile lile. Breki zilizoisha zilivuliwa ngozi yake na kubandikwa nyingine. Chuma kilichokatika kilichomelewa kwa gesi ya kabaidi. Waliofanya kazi hiyo wengi hawakuwahi kukaa darasani, lakini macho yao yalipima nusu milimita.

Mimi kama boharia nilitakiwa nivichukie vitu hivyo kwa kuwa havikuwa na namba. Nilivipokea kama "kipuri mbadala" na kuviingiza kwenye leja kwa penseli. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini penseli. Nikamwambia, kwa sababu orijino ikifika nitafuta. Haikufika, naye hakuuliza tena.

Naona vijana wa leo wakisikia habari za miaka ile wanacheka. Wasicheke sana. Soichiro Honda mwenyewe alianza hivyohivyo. Mwaka 1946, Japani ikiwa imeshindwa vita na haina kitu, alichukua injini ndogo zilizobaki za jenereta za redio za jeshi na kuzifunga kwenye baiskeli. Kwa jaribio la kwanza hakuwa na tangi la petroli, akatumia chupa ya bati ya kuwekea maji ya moto ya kupasha kitanda. Kampuni ikasajiliwa mwaka 1948. Huyo mtu angeshushwa Gerezani mwaka 1982 angepata kazi siku hiyohiyo.

Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, kisha Mzee Mwinyi akaingia madarakani mwaka 1985 na ruksa yake. Vipuri vikaanza kuja kupitia Dubai na Zanzibar, na Kariakoo ikajaa. Hata hivyo pikipiki yenyewe ilibaki kuwa mali ya ofisi au ya mtu mwenye uwezo. Mtu wa kawaida wa Kibamba alikuwa na baiskeli, na kama alibeba mkaa kutoka porini kupeleka mjini, alibeba kwa baiskeli hiyo, akiisukuma kupanda milima ya barabara ya Morogoro huku jasho likimtoka mgongoni.

Sasa ile injini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Honda iligundua jambo lililowaudhi wahandisi wake. Pikipiki zao ndogo za wakati huo zilikuwa na kemshafti, mhimili wa kufungua valvu, juu ya silinda, inayozungushwa na cheni ndogo ndani ya injini. Zilikuwa nzuri kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Lakini katika nchi za watu kama sisi zilikuwa zinakufa mapema. Wahandisi wakaenda kuangalia na wakakuta mambo ambayo boharia yeyote wa hapa angewaambia bila nauli: oili haibadilishwi hadi iwe lami, chujio la hewa halisafishwi, cheni inalegea hadi inapiga chuma, na pikipiki ya mtu mmoja inabeba familia na gunia.

Kuna kampuni ambazo zingeandika kitabu cha kumfundisha mteja adabu. Honda ilibadilisha mashine. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoa CG125. Kemshafti ilirudishwa chini, karibu na kreki, izungushwe kwa gia badala ya cheni. Kutoka huko chini fito mbili nyembamba zinapanda kusukuma valvu. Ni ubunifu wa kizamani, wa enzi za BSA, na wakubwa wa mbio waliudharau. Pistoni ina kipenyo cha milimita 56.5 na inapanda na kushuka milimita 49.5, jumla sisi (cc) 124. Oili ni kama lita moja. Hakuna chujio la karatasi la kununua kila mara. Kuna wavu, na kuna kisahani kinachozunguka na kurushia uchafu pembeni. Cheni ya nje ilifunikwa yote kwa bati ili mchanga usiingie.

Kwa mtu wa stoo, hii ilikuwa baraka. Vitu vya kuisha vilikuwa vichache. Na kwa mtu wa nyumbani ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu kichwa cha injini hiyo unakitoa bila kuvuruga mpangilio wa cheni ya ndani, maana hakuna cheni. Ukikosea kurudisha pikipiki zenye kemshafti juu, valvu inagongana na pistoni na umeua injini. Kwenye CG ukikosea, kwa kawaida haiwaki tu, unafungua tena. Nakuomba msomaji ulishike hilo, kwa maana huwezi kujifunza ufundi uani kwa mashine isiyosamehe.

Mwaka 1976 Wabrazili wakaanza kuitengeneza Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, na tangazo lake likafanywa na Pelé. Wapakistani nao wakaichukua na wameendelea nayo miongo na miongo. Kisha katika miaka ya 1990 viwanda vya China, hasa vya mji wa Chongqing wenye makampuni kama Lifan, Zongshen na Loncin, vikaishika ramani ileile na kuizalisha kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Wakapanua pistoni hadi milimita 62, mwendo wake ukabaki 49.5, ikawa sisi 149. Wengine wakaongeza vyote viwili na kupata 197. Lakini fito mbili zilibaki palepale.

Injini hiyo ndiyo iliyotufikia Kibamba miaka ya 2000, ikiwa imevaa majina mengi: SanLG, T-Better, Fekon, Toyo na mengine yaliyokuja na kupotea. Kuna mahali ambako watu waliziita zote toyo, hata zisizokuwa Toyo. Kutoka India zikaja Boxer na TVS, zenye ukoo wao tofauti, na leo hizo ndizo nyingi zaidi vijiweni. Ila waliotufundisha kufungua walikuwa Wachina na fito zao.

Wakati uleule Kibamba ilikuwa inabadilika. Watu wa mjini walinunua viwanja ndani, Kwembe, Kibwegere, Hondogo, kuelekea Mloganzila, na nyumba zikaota kati ya mikorosho. Daladala ilikushusha barabarani. Kutoka hapo hadi kwako ni mguu, mchanga wakati wa kiangazi na tope masika. Biashara ya bodaboda, yaani kubeba abiria, iliyokuwa ikifanywa kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960 ikapata kazi hapa kwa pikipiki. Serikali ilichelewa kidogo kuitambua: kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, zikisimamiwa na SUMATRA, ambayo tangu 2019 kazi yake inafanywa na LATRA.

Bodaboda ndiye aliyeleta gereji nyumbani. Hakufanya hivyo kwa kupenda ufundi, alifanya kwa hesabu. Kijana aliyepewa pikipiki ya mkataba anapeleka kwa bosi kiasi cha kila siku, kiitwacho hesabu, hadi mkataba uishe na pikipiki iwe yake. Siku pikipiki ikilala kwa fundi, hesabu haijalala. Kwa hiyo anaitengeneza usiku, uani, kwa mwanga wa simu. Vifaa vyake ni vya kuhesabika: spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya nyota, kifungulio cha plagi, kidumu kilichokatwa ubavu cha kukingia oili, beseni, na wembe.

Wembe nao una kazi yake. Tapeti za CG zinatakiwa ziachiwe nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Kipimo chake cha chuma kinauzwa, lakini wembe wa kunyolea una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo vijana wanaupitisha katikati ya valvu na mkono wake na kukaza hadi uwe unapita kwa kusuguana kidogo. Fundi wa kitabu atanuna. Mimi sinuni, kwa sababu kosa la wembe linaelekea upande salama: tapeti iliyolegea inapiga kelele tu, ila iliyobana haiachi valvu ifunge vizuri, na valvu isiyofunga huungua.

Pia wanasoma plagi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, petroli na hewa vimepatana. Ikiwa nyeusi ya masizi, petroli imezidi au chujio limeziba. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inachemka. Nimemwona kijana wa darasa la saba akieleza jambo hilo kwa abiria wake mhitimu wa chuo kikuu, na abiria akaandika kwenye simu.

Mapambo yalifuata umiliki. Pikipiki ya hesabu hupewa kitu cha lazima tu, ngao ya chuma mbele ya kulinda miguu, na siti iliyoongezwa sponji. Mkataba ukiisha ndipo inavalishwa: taa za rangi, kava la siti lenye nakshi, madigadi yenye maneno ya mafumbo, stika za timu, honi inayostahili lori. Namba 46 ya njano niliiona kwenye tangi za pikipiki nyingi kabla sijajua ni ya nani. Ni ya Valentino Rossi, Mwitaliano aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tisa na kustaafu 2021, naye aliirithi namba hiyo kwa baba yake aliyekuwa mwendeshaji pia. Wenye kuibandika Kibamba wengi hawajui hilo na haliwapunguzii kitu.

Halafu ikaja tamaa ya umbo la mbio lenyewe. Duniani tamaa hii ina miaka mingi. Vijana wa London waliokuwa wakikutana Ace Cafe, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1938 kandokando ya barabara kubwa, walipofika miaka ya 1950 walikuwa wakishusha usukani, wakivua kila chuma kisicho na kazi na kulala kifudifudi juu ya tangi. Mwaka 1985 Suzuki ikaanza kuuza GSX-R750, pikipiki ya barabarani iliyovikwa plastiki kama ya uwanja wa mbio, na tangu hapo umbo hilo ndilo picha ya kasi kila mahali. Wachina wakaona soko. Wakachukua umbo hilo, wakalikata kwa plastiki, na ndani yake wakaweka kile walichokuwa nacho.

Mpwa wangu alinunua moja. Nyekundu, pua imechongoka, mkia juu, taa mbili kama macho ya paka. Watoto wa mtaa waliisindikiza hadi getini. Siku tulipoifungua kubadilisha oili, skrubu zilikuwa nyingi kuliko za kabati, na plastiki ya mwisho ilipotoka niliona fito mbili zikipanda ubavuni mwa silinda moja.

"Mjomba, mbona unacheka?"

"Nimemwona mtu ninayemfahamu."

Hakupendezwa. Lakini kuanzia hapo akaacha kuiogopa mashine yake, na hilo ndilo lililoifanya iwe ya mbio kweli kwa kiasi cha uwezo wake. Alianza na meno. Kuongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele kunaleta mabadiliko karibu sawa na kupunguza matatu nyuma, na ni rahisi zaidi, kwa hiyo alitoa ya meno kumi na tano akaweka ya kumi na sita. Kwenye tambarare ya kwenda Kibaha ilikimbia vizuri. Akimpakia mtu kupanda kutoka bondeni, inabidi ashuke gia. Mpwa wangu hampakii mtu, kwa hiyo aliacha hivyo.

Silinda ni hadithi ndefu zaidi. Kwa kuwa ile ya 125 na ya 150 zina mwendo mmoja wa pistoni, mafundi wa Kariakoo wanauza silinda na pistoni ya 62 kama seti na kukuambia ni kufunga tu. Si kufunga tu. Mara nyingine mdomo wa boksi la chini hauipokei silinda pana, inabidi upelekwe kwenye mashine ukatanuliwe, na hapo ndipo wale wajukuu wa Gerezani wanapokula hela yao. Baada ya hapo jeti ya kabureta nayo lazima ipande namba. Kuna wanaoitoboa jeti ya zamani kwa sindano. Tundu likishapanuka halirudi, na hakuna anayejua limekuwa namba ngapi. Jeti ni kipuri cha bei ndogo; inunuliwe.

Ekzosi ndiyo ugomvi wangu na kizazi hiki. Wanakata mwisho wake, wanatoa mabomba ya ndani ya kupunguzia sauti na kuyatupa. Mtaa mzima unaamka. Wanadhani sauti ni nguvu, kumbe kwa injini ya fito isiyobadilishwa jeti, walichofanya ni kuongeza hewa na kuiunguza plagi ikawa nyeupe. Bibi mmoja jirani yetu alimwambia mpwa wangu, "Mwanangu, ukipita usiku nadhani wameniletea msiba." Akarudisha mabomba. Nilikuwa nimemweleza habari ya plagi kwa muda mrefu bila mafanikio.

Rangi nayo ina mipaka yake. Kadi ya pikipiki imeandikwa namba ya injini, namba ya chasisi na rangi. Ukiipaka nyeusi mashine iliyoandikwa nyekundu, askari wa kwanza mwenye macho atakuuliza, na hana kosa.

Kilichozihamishia gereji nyingi majumbani kwa mara ya mwisho ni barabara. Mwaka 2017 bomoabomoa ilipita kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba na fremu zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara zikaangushwa, kisha njia nane zikajengwa hadi Kibaha. Mafundi waliokuwa na vibanda pembeni ya lami walipoteza mahali. Niliowafahamu mimi hawakuacha kazi. Walibeba praizi na mashine za kuchomelea wakazisimika nyuma ya nyumba walizopanga. Wateja wakawafuata ndani. Kwa hiyo ukitembea leo mitaa ya Kibamba jioni utasikia nyundo na mashine nyuma ya kuta, na nje hakuna kibao hata kimoja. Lami nayo ilifanya kazi yake ya pili: njia pana iliyonyooka inamshawishi kijana mwenye plastiki nyekundu kuliko tangazo lolote. Nimekwenda mazishi kwa sababu ya barabara ile. Breki za hizi mashine zilikusudiwa mwendo wa mtu anayepeleka maziwa, na hakuna kifaa cha kufunga uani kinachozibadilisha zikawa nyingine.

Sasa naona ukurasa unageuka tena. Tangu Aprili 2020 India inalazimisha pikipiki zinazouzwa ndani ya nchi yake zifuate viwango vikali vya moshi, na nyingi zimeacha kabureta na kutumia mtambo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta. Zinazoletwa kwetu bado nyingi zina kabureta, kwa kuwa hatujawabana. Siku tutakapowabana, hewa ya mjini itakuwa safi, na wembe utabaki wa ndevu. Pikipiki za umeme nazo zimeshaanza Kigali na Nairobi; ndani yake hakuna hata oili ya kukinga kwa kidumu.

Mpwa wangu hasubiri. Ameshapata njaa ya pikipiki ya Kijapani ya kweli, silinda nne, sisi 600, iliyotumika. Nimemweleza kuwa tapeti za hiyo hazikazwi kwa bisibisi. Zinarekebishwa kwa visahani vidogo vya chuma vinavyotofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na kuvibadilisha ni kutoa kemshafti zote mbili. Taa ya hitilafu ikiwaka, anayejua sababu ni kijana wa Mbezi mwenye waya na kompyuta, naye anatoza kabla hajachomeka. Amenijibu kwamba hata mimi nilisema hivyohivyo kuhusu Boxer.

Ile nyekundu ameitangaza, na mnunuzi amepatikana, mbeba mkaa kutoka upande wa Kisarawe. Alikuja, akapiga kiki, akasikiliza injini huku amefumba macho, akauliza kama jeti ni ya kununuliwa au ya kutobolewa. Akaridhika. Kisha akauliza plastiki zinatoka kwa skrubu ngapi, maana anataka kufunga keria ya chuma na shokapu mbili za ziada nyuma. Mpwa wangu anadai plastiki zilivyo nzima ziongeze bei. Yule bwana anasema kinyume chake: kazi ya kuzitoa ni ya muuzaji, na bei ipungue. Wamekubaliana kukutana tena Jumamosi.